Kukusanya vitabu vya jalada gumu vya picha za komiki za kutisha, ukiwa Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hivi ni vitabu vya namna gani?

Ni vitabu vikubwa vya picha, vyenye jalada gumu, na ndani yake mna kurasa za mbele, yaani majalada, za komiki za kutisha za zamani, hasa za Marekani. Kwa kawaida kila ukurasa hubeba picha moja. Chini yake utakuta jina la komiki, nambari ya toleo, mwaka na jina la mchoraji. Vingine vina historia ndefu kati ya picha, vingine huweka hadithi mbili tatu kamili ili msomaji aonje. Vyote navihesabu, ilimradi picha ya mbele imepewa ukurasa mzima.

Usivichanganye na mikusanyo ya hadithi, kama ile ya *Creepy* ambayo Dark Horse ilianza kuitoa mwaka 2008. Ile ni ya kusoma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hivi ninavyovizungumzia ni vya kutazama, na mtu anaweza kukaa na ukurasa mmoja jioni nzima.

Kwa nini picha za mbele tu, hadithi ziachwe?

Kwa sababu picha ya mbele ndiyo iliyofanya biashara. Komiki ya mwaka 1952 iliuzwa senti kumi, na kwenye kibanda cha magazeti ilisongamana na nyingine nyingi. Mtoto alipita, akatupa jicho, akasimama au akaendelea na safari. Mchoraji alikuwa na nafasi hiyo moja. Ndiyo maana kampuni nyingi zilimpa mtu wao hodari kazi ya jalada, na likachapwa kwenye karatasi ya kung'aa ilhali ndani mlijaa karatasi ya gazeti.

Ukitaka kuelewa jambo hili, pita Tom Mboya Street jioni uwatazame wauza vitabu vya mtumba. Nailoni imetandikwa chini, vitabu vimelazwa chali, kila kimoja kinakutazama. Hakuna kilichopangwa kwa mgongo. Macho ya mpita njia hununua kwanza, mkono unafuata.

Chukua mfano wa *Black Cat Mystery* nambari 50, ya mwaka 1954, iliyochorwa na Lee Elias. Mtu ameshika radiamu, metali inayotoa miale hatari, mkononi, na mwanga wake unamyeyusha. Nyama ya uso inatiririka na vidole navyo vinaenda. Hakuna zimwi wala kaburi. Kinachotisha ni mwanga. Miaka 9 tu ilikuwa imepita tangu Hiroshima, na kila msomaji alijua miale inaweza kumfanyia nini binadamu. Picha ile ukishaiona haikutoki.

Nahitaji kujua historia kiasi gani kabla ya kununua?

Kiasi cha kutambua kitabu kinakupa kipindi gani, kwa sababu bei na ladha hutofautiana sana.

Kipindi cha kwanza ni kabla ya mwishoni mwa 1954. Komiki ya Avon iitwayo *Eerie*, ya mwaka 1947, hutajwa na wengi kuwa ya kwanza kujaa hadithi za kutisha tupu. Mwaka uliofuata ikaja *Adventures into the Unknown* ya kampuni ya ACG, iliyoendelea kutoka kwa miaka mingi. Kisha mwaka 1950 William Gaines na mhariri wake Al Feldstein, wa kampuni ya EC, wakaanzisha *Tales from the Crypt*, *The Vault of Horror* na *The Haunt of Fear*. Zikauzwa, na kampuni nyingine zikafuata mkondo kwa pupa. Miaka hiyo minne ndiyo kiini cha ukusanyaji huu.

Halafu moto ukawaka. Tarehe 21 Aprili 1954, kamati ndogo ya Seneti ya Marekani iliyochunguza uhalifu wa vijana iliketi New York. Daktari wa akili Fredric Wertham alitoa ushahidi dhidi ya komiki, na siku hiyohiyo Gaines naye akaitwa. Seneta Estes Kefauver alimwonyesha jalada la *Crime SuspenStories* nambari 22, kazi ya Johnny Craig: mwanamume ameshika shoka mkono mmoja na kichwa cha mwanamke mkono wa pili. Akamuuliza kama anaona picha hiyo haina ubaya. Gaines alijibu kwamba kwa jalada la komiki ya kutisha haina, na kwamba ubaya ungekuwa kukiinua kichwa juu zaidi hadi shingo ionekane ikivuja damu. Jibu hilo lilimgharimu. Kabla mwaka haujaisha, wachapishaji walikuwa wamejiwekea kanuni kali zilizokataza hata maneno *horror* na *terror* kwenye jina la komiki, naye Gaines akatangaza kufunga komiki zake za kutisha. Mwaka 1955 Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa ikiitawala Kenya, ikapitisha sheria yake ya kuzuia machapisho kama hayo yasiwafikie watoto.

Kwa hiyo kitabu kizuri cha kipindi hiki huliweka jalada la Craig likiwa zima, kubwa, na kukueleza kisa hicho. Kikilipunguza au kikaliruka, mimi hukirudisha rafuni.

Kipindi cha pili ni cha mchapishaji James Warren, aliyegundua mlango wa pembeni. *Creepy* ya 1964, kisha *Eerie* yake na *Vampirella* ya 1969, zilitoka kwa ukubwa wa jarida na ndani zikachapwa nyeusi na nyeupe, hivyo kanuni za komiki hazikuzigusa. Mbele aliweka picha za rangi ya mafuta, nyingi za Frank Frazetta. Huo ni uchoraji wa turubai kabisa. Picha yake ya malkia wa Misri, iliyotumika kwenye *Eerie* nambari 23, iliuzwa mnadani mwaka 2019 kwa dola milioni 5.4.

Kipindi cha tatu kinaanza mwaka 1971, kanuni zilipolegezwa na wanyonya damu na watu-mbwamwitu wakaruhusiwa kurudi. Hapo tafuta majalada ya *House of Mystery* na *House of Secrets* za kampuni ya DC, yaliyochorwa na Neal Adams na Bernie Wrightson. Jalada la *House of Secrets* nambari 92, lenye mwanamke kwenye kioo na zimwi la kinamasi nyuma yake, ni la Wrightson. Aliyekaa mbele yake ili mwanamke huyo achorwe ni Louise Simonson, ambaye baadaye mwenyewe akawa mhariri na mwandishi mkubwa wa komiki.

Ni wachoraji gani nianze nao?

Craig kwa utulivu wake: mistari safi, nyuso za watu wa kawaida, na jambo baya linalokaribia kutokea. Graham Ingels kwa uozo. Aliweka sahihi ya Ghastly na alistahili jina hilo. L. B. Cole kwa rangi kali zinazoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Basil Wolverton kwa nyuso ambazo hakuna mwingine angeziwaza. Lee Elias nimeshamtaja. Na umkumbuke Marie Severin, aliyepaka rangi kazi nyingi za EC. Jina lake mara nyingi halikuandikwa popote, na kitabu kinachomtaja kimefanya haki.

Nairobi nitavipata wapi?

Vipya, anzia maduka makubwa ya vitabu: Text Book Centre, Prestige pale Mama Ngina Street, Bookstop iliyoko Yaya Centre. Usitegemee kukuta rafu yenye jina la komiki za kutisha. Pitia sehemu ya sanaa, kisha ya usanifu, kisha ya filamu, kwa sababu mpangaji huviweka anapoona panafaa. Ukishindwa, omba waagize. Waandikie ISBN, ile nambari ya utambulisho wa kitabu, kwenye karatasi, maana ukitaja jina peke yake utaletewa toleo la jalada laini.

Mtumba ni bahati na subira. Vitabu vikubwa vya picha huingia kwenye marobota ya vitabu kutoka Uingereza na Marekani, au hutoka kwenye nyumba za wageni wanaohama. Muuzaji wa barabarani anajua bei ya riwaya na ya kitabu cha shule, lakini hiki kitamtatiza. Atakwambia, "Hiyo tutaelewana, boss." Msalimie vizuri, kishike kitabu, kipekue bila haraka, na umwambie ukweli kwamba unakusanya vitabu vya aina hiyo. Mwachie nambari yako. Muuzaji anayekujua atakupigia simu kabla hajakiweka chini kwenye nailoni, na huo ni mtaji mkubwa kuliko punguzo la shilingi mia.

Vilevile nenda NAICCON, tamasha la komiki la Nairobi, na maonyesho ya kimataifa ya vitabu pale Sarit Centre. Huko utakutana na wachoraji vijana wa hapa jijini, ambao baadhi yao wana vitabu hivi kwa ajili ya kazi na wako tayari kukuonyesha kabla hujatoa pesa.

Kuagiza kutoka nje kuna gharama gani zilizojificha?

Uzito, na zaidi ya uzito, ukubwa wa sanduku. Kampuni nyingi za vifurushi vya haraka kwa ndege huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, hugawanya kwa 5,000, na kulinganisha jibu na kilo halisi. Unalipia kilicho kikubwa. Kitabu cha kilo mbili ndani ya sanduku la sentimita 45 kwa 35 kwa 10 kinahesabiwa kilo 3.15. Kwa hiyo muulize muuzaji vipimo vya sanduku, si vya kitabu, na ukiagiza na wenzako wawili watatu vitabu vikaja pamoja, kila mmoja atapumua.

Kuna pia kodi. Kenya hutoza VAT ya asilimia 16 kwa vitabu, na ada nyingine za forodha hubadilika na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, kwa hiyo angalia viwango vya sasa vya KRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kulipa. Mzigo ukija kwa Posta, beba kitambulisho na risiti ya ununuzi iliyochapwa. Afisa anayeona bei kwenye karatasi hana haja ya kukisia.

Mwombe muuzaji afunge pembe za kitabu kwa kadibodi. Kitabu kizito kikianguka ndani ya sanduku lenye nafasi hutua kwa pembe, na pembe ya jalada gumu ikishabonyea haitengenezeki.

Nitajuaje kama kimechapwa vizuri?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote, na napenda watu waliulize kabla ya bei.

Fungua picha yoyote na uisogeze karibu. Rangi za komiki za zamani zilitengenezwa kwa vitone vya buluu, nyekundu, manjano na nyeusi. Kitabu kipya nacho kinachapwa kwa vitone. Vitone vya zamani vikichapwa juu ya vitone vipya bila uangalifu, huzuka mawimbi ambayo mchoraji hakuyachora, hasa mahali pa rangi moja pana kama anga au ukuta. Washa kamera ya simu, vuta karibu, tazama anga. Ukiona mistari inayocheza, kirudishe.

Kisha tazama weusi wa wino. Katika kazi ya Craig au Ingels weusi ni nusu ya picha. Kitabu cha bei rahisi huutoa ukiwa kijivu, na kivuli kilichoficha mkono wa maiti kinakuwa ukungu tu. Upande wa pili, kuna wahariri wanaosafisha kupita kiasi: wanafuta umri wa karatasi, wanaongeza rangi mpaka inawaka, na picha ya 1953 inaonekana kama tangazo la wiki iliyopita. Mimi nipo upande wa karatasi ya zamani. Nataka nione mkunjo, mhuri wa tarehe wa mwenye kibanda, hata jina la mtoto lililoandikwa kwa penseli pembeni. Vinanionyesha kwamba picha hii iliwahi kuwa mikononi mwa mtu.

Jina la komiki nalo libaki. Wahariri wengine huondoa maandishi yote ili picha ionekane safi. Mchoraji alipanga mchoro wake akijua robo ya juu itabebwa na jina. Likiondolewa, kichwa cha zimwi kinaelea mahali pasipoeleweka. Ubaguzi pekee ni pale kitabu kinapoonyesha mchoro wa awali wenyewe, wenye wino na alama za penseli. Hiyo ni zawadi.

Mwisho, tazama jinsi kilivyojalidiwa. Kifungue katikati na uchungulie juu ya mgongo. Ukiona kurasa zimekunjwa vifungu vifungu na uzi unapita, kimeshonwa. Kitalala wazi mezani na kitadumu. Ukiona karatasi mojamoja zimegandishwa kwa gundi, jua kwamba kurasa nzito zitaanza kung'oka. Na picha isipite katikati ya kurasa mbili. Jalada la komiki ni la wima, halina sababu ya kugawanywa.

Nimeona mtandaoni kitabu cha bei ya chini sana chenye picha mia mbili. Ninunue?

Uliza kwanza mhariri ni nani. Komiki nyingi za miaka ile hazikuhuishwa hakimiliki baada ya miaka 28, kama sheria ya Marekani ilivyodai wakati huo, hivyo leo ni mali ya umma. Mtu yeyote anaweza kupakua picha, kuzipanga na kuchapa kitabu kwa oda. Si wizi, lakini mara nyingi ni kazi ya ovyo: picha ndogo iliyonyooshwa, karatasi nyepesi, hakuna mwaka wala mchoraji. Kama hakuna jina la mhariri na hakuna neno kuhusu nakala zilizotumika, okoa pesa zako. Picha zilezile utazitazama bure kwenye Digital Comic Museum, na hiyo pia ni njia nzuri ya kujua unampenda nani kabla ya kununua.

Toleo la kwanza lina umuhimu?

Kidogo tu. Kwenye ukurasa wa hakimiliki kuna mstari wa nambari. Ndogo kuliko zote ndiyo awamu ya uchapaji. Wakati mwingine awamu ya pili imesahihishwa rangi na ni bora kuliko ya kwanza. Nunua macho yako yanachokiona.

Nivitunzeje katika hali ya hewa ya hapa?

Adui wako ni unyevu wa masika ya Machi hadi Mei, na baridi ya Julai wakati kuta hazikauki. Usiegemeze rafu kwenye ukuta wa nje wala ukuta wa bafu. Acha upana wa vidole vinne nyuma ya vitabu hewa ipite. Vile vizito sana vilaze chali, visizidi vitatu, kwa sababu kikisimama kwa miaka uzito wa kurasa huvuta mgongo chini. Jua la dirishani hula nyekundu na manjano kwanza, na hizo ndizo rangi za komiki za kutisha.

Wadudu wadogo wa rangi ya fedha hupenda gundi na giza. Toa vitabu kila mwezi, vifungue, vifute kwa kitambaa kikavu. Ukiona madoa ya ukungu kwenye kimoja, kitenge na wenzake siku hiyohiyo. Karatasi ya kufunika jalada, ile inayotoka, ivalishe plastiki ya poliesta angavu. Usiitupe kamwe, na usitumie selotepu, maana gundi yake hugeuka manjano na kupenya.

Nyumbani wanasema naleta mapepo. Niwaambie nini?

Usibishane, kaa nao na kitabu. Shangazi yangu alikifungua kimoja mezani, akasukuma chai kando, akaniuliza, "Haya umeyatoa wapi, mwanangu?" Nikamweleza hadithi iliyo nyuma ya picha: mtu kamuua mwenzake apate mali, na marehemu ametoka kaburini kudai haki yake. Akaitazama tena, akasema, "Basi malipo ni hapa hapa duniani," akageuza ukurasa. Hadithi nyingi za EC zimejengwa hivyo kabisa. Muuaji, tapeli na mume katili hawafiki ukurasa wa mwisho salama. Aliyekulia na visa vya majini na mazimwi atazielewa kuliko anavyodhani.

Hata hivyo mwenye kukataa kwa imani yake mheshimu, na viweke asikolazimika kuviona. Watoto wadogo wasiachiwe. Picha ya kichwa kilichokatwa haihitaji kusomwa ili imkoseshe mtoto usingizi.

Kuna chochote cha kwetu cha kukusanya?

Kipo, ila komiki zetu zilishika njia nyingine, ya kichekesho na siasa: Juha Kalulu wa Edward Gitau katika *Taifa Leo*, na jarida la *Joe* ambalo Terry Hirst na Hilary Ng'weno walilianzisha mwaka 1973. Anayependa mambo ya nguvu za giza amtafute Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi Nairobi hadi kifo chake mwaka 2012. *Akokhan* yake ina uchawi na miungu iliyochorwa na mtu aliyeiheshimu. Ukikuta nakala za zamani za *Joe* kwenye mtumba, zichukue hata kama zimechanika, kisha ziweke kwenye bahasha bapa. Majalada yale yanastahili kitabu chao cha jalada gumu, na yeyote atakayekitengeneza atahitaji nakala ambazo mtu alizihifadhi.

Nianze na kipi, na nitenge pesa kiasi gani?

Anza na kimoja kinachogusa kampuni nyingi za kabla ya 1954, ujue ladha yako. Ukishampenda mchoraji mmoja, mfuate huyo. Kile kikubwa cha Taschen kuhusu EC, cha Grant Geissman, kilichotoka 2020, kina kurasa zaidi ya 500 na majalada yamechapwa makubwa mno. Kiachie wakati umeshajua unachokipenda. Vitabu vitatu kwa mwaka vinatosha kabisa. Usikope kwa ajili ya kitabu.

Nikitaka kuuza baadaye?

Vikiisha sokoni baadhi hupanda bei, vingine huchapwa upya na bei ikashuka, kwa hiyo usinunue kwa hesabu hiyo. Ukilazimika kuuza, anza na wakusanyaji na wachoraji unaowajua. Piga picha za pembe nne, mgongo, ukurasa wa hakimiliki na kila doa. Kutaneni mahali pa watu, mnunuzi akipekue kitabu mwenyewe, na kitoke mkononi mwako baada ya ujumbe wa M-Pesa kuingia kwenye simu yako. Ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi usiukubali.